Taa ya SRS baada ya kutoa siti: kusafisha soketi, kuunga waya, kubadili waya mzima au siti ya mtumba?

Pedali3

Wakuu, siti ya dereva ilitolewa ili zulia likaushwe na sponji ioshwe. Tangu irudishwe, taa ya SRS (taa ya onyo ya mfumo wa mifuko ya hewa) haizimiki. Skana inaonyesha mzunguko wa mfuko wa hewa wa ubavuni upande wa dereva, ukinzani umezidi. Kosa likifutwa linatulia, siti ikisogezwa mbele linarudi. Njia ambazo mafundi wanazitaja:

1. Kusafisha soketi ya njano chini ya siti na kuifunga upya.
2. Kukata soketi na kuunga waya kwa waya.
3. Kubadili waya mzima wa chini ya siti.
4. Kuweka siti ya mtumba yenye mfuko wake.

Wapo pia wanaosema weka resista (kipande kidogo kinachokinza umeme) badala ya mfuko, taa izime, mchezo uishe. Ipi ina mantiki, na kwa nini?

WayaNjano

Tuiondoe resista kwanza. Kompyuta ya SRS hupitisha mkondo mdogo sana kwenye kiwashio cha mfuko muda wote ili kujua kama njia ni nzima. Kiwashio kina ukinzani wa takriban omu 2. Ukiweka resista ya omu 2, kompyuta inaamini mfuko upo na taa inazima. Gari likigongwa ubavuni, umeme wa kulipua unaishia kwenye resista na mfuko unabaki umekunjwa ndani ya siti. Anayelinunua gari baadaye hana namna ya kujua, maana dashibodi inamwambia kila kitu ni sawa.

Kazi halali ya resista ni kupima tu. Ondoa betri, subiri, chomoa soketi ya siti, weka resista ya omu 2.2 kwenye nusu iliyobaki sakafuni, rudisha betri, washa swichi ukiwa nje ya gari, futa kosa, soma upya.

- Kosa likiondoka, tatizo liko upande wa siti: nusu ya soketi iliyo kwenye siti, waya wake, au kiwashio chenyewe.
- Kosa likibaki vilevile, tatizo liko kati ya sakafu na kompyuta.
- Likigeuka kuwa "shoti", huenda ni kale kapande ka chuma ndani ya soketi. Soketi hizi zina springi inayounganisha pini mbili pale tu zinapochomolewa, ili umeme tuli usilipue mfuko. Springi ikiwa kwenye nusu unayoipima, isukume kwa kipande chembamba cha plastiki kabla ya kuamini jibu.

Miguu ya resista iwe myembamba. Ukiingiza kitu kinene, temino (kile kichwa cha chuma cha waya ndani ya soketi) inapanuka na hapo umejitengenezea tatizo ambalo halikuwepo.

Na usipime kiwashio kwa maltimita. Mita nayo hutoa mkondo wake. Kiwashio cha kawaida kimeundwa kulipuka kwa takriban ampea 1.2 ndani ya milisekunde 2, na mita nyingi hazifiki huko, lakini mita mbovu au iliyowekwa kwenye sehemu isiyo yake haikupi onyo. Watengenezaji wa magari wanakataza, na wana sababu.

Spana14

Kabla hamjafika kwenye resista, hivi ndivyo siti inavyoguswa:

Sogeza siti nyuma kabisa, legeza bolti za mbele. Isogeze mbele kabisa, legeza za nyuma. Fanya hivyo betri ikiwa bado imeungwa, hasa kama siti ni ya umeme, la sivyo utakwama na bolti mbili zilizofunikwa na reli. Kisha zima swichi, toa ufunguo, ondoa kichwa hasi cha betri, kifunge kitambaa kisirudi chenyewe.

Halafu subiri. Kompyuta ya SRS ina kapasita za akiba zinazoweza kulipua mfuko hata betri ikikatika wakati wa ajali. Vitabu vya Toyota vinasema angalau sekunde 90, vya Honda dakika 3. Kama huna kitabu cha gari lako, dakika 10 zinatosha na hazikugharimu kitu.

Gusa chuma cha bodi kwanza ili utoe umeme tuli mwilini. Ndipo uchomoe soketi.

Kosa ambalo watu wengi hulifanya: siti ikiwa nje wanarudisha betri ili wasogeze gari au wasikilize redio. Swichi ikiwashwa siti haipo, kompyuta inaandika kosa hapohapo. Kwenye magari mengi kosa hilo halifutiki bila skana inayosoma SRS, na skana ndogo za injini tu hazifiki huko.

Pedali3

Asante. Kwa hiyo inawezekana kosa ni lile tu la siti kuwa nje?

Spana14

Lingekuwa hilo, ukilifuta lisingerudi. Lako linarudi siti ikisogea. Hiyo ni soketi au waya unaovutwa.

Kidole_Gumba

Naunga mkono njia ya 1, ila wengi wakisema "kusafisha soketi" wanamaanisha kuichomoa, kuipuliza na kuirudisha. Hiyo inanyamazisha taa kwa muda tu. Kazi kamili ni hii:

Angalia pini kwa tochi. Ukijani au unga mweupe ni maji. Umesema zulia lilikaushwa, kwa hiyo lililowa, na soketi hukaa pale pale chini. Tumia spreyi ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Usitumie msasa wala kisu. Temino za SRS kwa kawaida zina ngozi nyembamba ya dhahabu; ukiikwangua, shaba iliyo chini inaanza kuoza na baada ya muda mfupi uko pale pale. Pini ikishaoza hadi kubadilika umbo, usafi hauisaidii, badili temino.

Kisha pima mshiko. Chukua pini ya ukubwa uleule, iingize kwenye temino ya kike na uivute. Inatakiwa ikushikilie kidogo. Ikitoka kama imepakwa sabuni, temino imepanuka. Hiyo ndiyo inayoongeza ukinzani siti ikitikisika, hata kama inang'aa.

Tatu, kufuli. Soketi nyingi za njano zina kufuli mbili: ile inayolia "tak" na kipande cha pili kinachosukumwa baadaye. Kikiwa hakijasukumwa, soketi inaonekana imefunga lakini haijafika mwisho.

Nne, njia ya waya, na kwa dalili zako ningeanzia hapa. Waya una vishikizo vyake kwenye fremu ya siti. Fundi akirudisha siti bila kuvibana, au akiuzungushia waya upande usio wake wa fremu, waya unakuwa mfupi siti ikifika mbele. Lala chini na tochi, mtu mwingine asogeze siti polepole toka mwisho hadi mwisho, swichi ikiwa imezimwa na betri imetolewa. Kama siti ni ya umeme, fanya ukaguzi huu kabla ya kuifunga, kwa kuangalia urefu wa waya uliolegea. Ukiona waya unakaza kama uzi wa gitaa, umeshapata jibu.

Mzunguko_Wazi

Mimi nitaitetea njia ya 2 kidogo, maana inatukanwa kuliko inavyostahili. Soketi ni kiungo, na kila kiungo ni mahali pa kuharibika. Ukikata soketi iliyooza ukaunga kwa mirija ya kubana ya saizi sahihi, ukafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, ukinzani wake ni mdogo kuliko wa soketi mpya. Haulegei. Maji hayaingii. Kwa umeme peke yake, hiyo ni kazi bora.

Kibaya ni waya kusokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi. Kibaya kingine ni kulehemu kwa risasi chini ya siti inayosogea. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu. Pale ugumu unapoishia na ulaini kuanza, waya unakatika kwa mtikisiko. Kwa nje huoni kitu, kwa sababu plastiki ya waya iko nzima.

WayaNjano

> Kwa umeme peke yake, hiyo ni kazi bora.

Nakubali sentensi hiyo na siyafuati mengine. Ukikata soketi umekata na ile springi ya usalama. Siku siti itakapotoka tena, na itatoka, mtu atakata waya kwa koleo. Koleo la chuma linagusa waya mbili kwa pamoja, kiwashio kiko upande wa pili na hakuna kinachokilinda. Na fundi wa siku hiyo hajui kama betri ilitolewa.

Pia urefu. Kila ukataji unaondoa sentimita kadhaa kwenye waya ambao shida yake huenda ni ufupi.

Kuna njia ya katikati ambayo haimo kwenye orodha: temino za ukarabati. Watengenezaji kadhaa huuza temino zilizokwisha kubanwa kwenye kipande cha waya, pamoja na nyumba ya soketi yenye springi yake. Unaunga waya mbili kwa mirija ya kubana, viungo visikae sambamba mahali pamoja, halafu soketi inabaki soketi. Watengenezaji wengine wanakataza kabisa kuunga waya za SRS na wanataka waya mzima ubadilishwe. Kwa magari hayo njia ya 3 ndiyo jibu, hakuna mjadala. Soma kitabu cha gari husika kabla ya kushika koleo.

Mzunguko_Wazi

Hoja ya springi nimeipokea. Temino za ukarabati zikipatikana, sina sababu ya kukata.

Sindano_Pinde

Mmeongelea waya tu. Sponji imeoshwa, kwa hiyo kava la siti lilivuliwa. Niulize: mshono wa ubavu ulifunguliwa?

Kwenye siti yenye mfuko ndani, mfuko hutoka kwa kupasua mshono maalumu kwenye ubavu wa mgongo wa siti, upande wa mlango. Uzi wa pale ni dhaifu kwa makusudi, na idadi ya mishono kwa sentimita imepangwa. Fundi akishona kwa uzi wa nailoni wa kawaida wa siti, mfuko unakuta ukuta. Unachelewa, au unatafuta njia nyingine na kutokea mahali pasipotarajiwa. Mgongano wa ubavuni hauna nafasi ya kuchelewa: kati ya mlango na mbavu za mtu hakuna boneti ya kunyonya nguvu.

Ndani ya kava pia kuna kitambaa kilichoshonwa kuelekeza mfuko kwenye mshono huo. Mara nyingi hukatwa na kutupwa kwa kudhaniwa ni mabaki.

Kulinganisha kava: la kiwandani ni salama kuliko yote. La kuvalisha juu linakubalika tu kama limetengenezwa kwa modeli hiyo na lina mshono wa kupasuka au uwazi mahali pa mfuko, kushoto na kulia visibadilishwe. La "saizi zote" linalozunguka mgongo mzima, kwenye siti yenye lebo ya mfuko ubavuni, liache.

Pedali3

Mshono haukuguswa, kava lilivuliwa kwa kukata pete za chini tu. Vipi kuhusu siti ya mtumba? Naambiwa ni haraka kuliko yote.

Chesisi_Safi

Ni haraka, na ndiyo yenye maswali mengi.

Namba ya mfuko ilingane, si umbo la siti tu. Modeli moja inaweza kuwa na siti yenye mfuko na isiyo nao, na soketi zikafanana. Tafuta pia dalili za maji: kutu kwenye reli na springi za chini, mstari wa tope ndani ya sponji. Siti ya gari la mafuriko itakurudishia ugonjwa uleule. Kisha ulizia gari ilikotoka liligongwa wapi. Kwenye magari mengi vikaza mkanda vya baruti hulipuka pamoja na mifuko, na kama kifungo cha mkanda kiko kwenye siti, kinaweza kuwa kimeshatumika: kimeshuka chini kuliko mwenzake na waya wake wa chuma umejikunja.

Halafu historia ya mfuko. Skandali ya Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa, ilihusu hasa mifuko ya mbele ya dereva na abiria, yenye kilipuzi cha nitrati ya amonia kisicho na kikausha unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi viliiharibu kemikali, ikawaka kwa kasi mno na kupasua kopo la chuma, vipande vikampiga mtu. Nchini Marekani peke yake takriban vilipuzi milioni 67 viliitwa kubadilishwa, na kampuni ikaomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2017. Kwa hiyo mfuko wowote wa mtumba, uangalie kwa namba ya chesisi ya gari ulikotoka, siyo ya gari unakoenda.

Kubadili siti nzima kwa sababu ya soketi moja naona ni kuhamisha tatizo.

Kidole_Gumba

Na kama ingekuwa siti ya abiria, njia ya 4 ingekuwa ngumu zaidi. Ile ina kifaa cha kupima uzito kinachoamua mfuko wa mbele uwashwe au uzimwe. Mifumo inatofautiana. Kwenye baadhi ya magari ni mfuko wa jeli chini ya sponji, na sponji, jeli na kompyuta yake huuzwa kama seti moja iliyopimwa pamoja. Kubadilisha sponji tu kunaharibu hesabu. Kwenye Toyota nyingi zenye mfumo huu ni vihisi kwenye miguu ya siti. Hapo siti ikitolewa na kurudishwa, unafanya upimaji wa sifuri kwa skana siti ikiwa tupu, kisha unaweka uzito wa kilo 30 na kusoma: jibu liwe kati ya kilo 27 na 33. Bolti zikikazwa ovyo, fremu inajipinda na usomaji unahama.

Spana14

Bolti nazo, kwa siti yoyote: ziingize zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ni Nm 37. Kwingine soma kitabu. Hakikisha reli zote mbili zimefunga kwenye jino moja kabla ya kukaza. Reli moja ikitangulia, siti inasogea kwa shida, mtu anaisukuma kwa nguvu, na waya wa chini unavutwa kila safari.

Betri irudishwe watu wote wakiwa nje ya gari. Washa swichi kwa kunyoosha mkono dirishani, uso usiwe mbele ya usukani. Taa ya SRS iwake sekunde chache, kwa Toyota ni takriban 6, kisha izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, usifurahi: huenda kuna aliyetoa balbu.