Mrejesho: picha za vitenge zilizokuwa zikipauka kwenye kivinjari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini picha za vitenge vyangu zinapendeza kwenye programu ya kuhariri, lakini nikizifungua kwenye kivinjari nyekundu inapauka kama nguo iliyoanikwa juani wiki nzima.

Aliyesema niangalie profaili ya rangi (maelezo ndani ya picha yanayosema namba zake zisomwe kuwa rangi gani) alipatia palepale. Nilikuwa nahifadhi kwa Adobe RGB, yenye wigo mpana wa rangi kuliko sRGB ya kawaida ya mtandaoni, na tovuti ikipunguza ukubwa wa picha inaifuta profaili. Vivinjari vingi visipoikuta vinazisoma namba zilezile kama sRGB, rangi inafifia. Sasa nageuza picha kuwa sRGB kabla ya kuipandisha. Mara ya kwanza nilibandika tu profaili ya sRGB bila kugeuza namba zenyewe, ikapauka vilevile. Msikosee hapo.

Kwenye simu na laptopu ya mke wangu nyekundu imerudi, hadi ile michirizi myembamba ya pindoni inaonekana. Skrini yangu kubwa, yenye wigo mpana wa rangi, ndiyo ilibaki kuzikoleza kupita kiasi, kwa kuwa tovuti bado inafuta profaili, na Firefox ninayotumia huipeleka picha isiyo na profaili kwenye skrini bila kuirekebisha. Niliingia about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox) nikabadilisha gfx.color_management.mode kutoka 2 (hurekebisha rangi za picha zenye profaili tu) kwenda 1 (hurekebisha zote), zikatulia. Hiyo ni kwangu tu lakini, mteja mwenye skrini kama hiyo anayetumia Firefox bila kubadilisha hapo bado ataziona zimekolea.

Asanteni sana, mmeniokolea biashara.