Kuishi bila kuyaharibu mazingira nikiwa mgeni Dar es Salaam: nianzie wapi?

Mgeni wa Mikocheni

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, na nimehamia Dar es Salaam kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Mwajiri amenipangia nyumba Mikocheni, ghorofa ya pili, yenye viyoyozi vitatu, na kila asubuhi gari la ofisi huja kunichukua peke yangu. Nashukuru kwa hayo yote, lakini nimetambua kwamba maisha ya mgeni aliyetayarishiwa kila kitu yanatumia umeme, mafuta na plastiki kuliko maisha niliyoyazoea kwetu Kisauni, na jambo hilo linanikosesha raha.

Nitatoa mfano mmoja. Kwa sababu niliambiwa nisinywe maji ya bomba, tangu nifike nimekuwa nikinunua katoni za maji ya chupa ndogo, na mwisho wa mwezi wa kwanza nilihesabu zaidi ya chupa tupu 200 barazani kwangu. Mifuko ya plastiki haikunipa shida, kwa kuwa Kenya tuliipiga marufuku Agosti 2017, na Tanzania nayo iliiondoa tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu changu cha ukili nilikuja nacho na kinanitosha sokoni. Shida yangu ni yale ambayo marufuku hayo hayakuyagusa: chupa, mabaki ya chakula yanayotupwa pamoja na kila kitu kwenye pipa moja, kiyoyozi, na mkaa. Jiko la gesi lipo, lakini binti anayenisaidia kazi za nyumbani huteremka uani kupika kwa mkaa, kwa hoja kwamba wali wa nazi usiopaliwa makaa, yaani usiowekewa makaa juu ya kifuniko, haufai kuitwa wali, nami nikiwa mtu wa Pwani nashindwa kumbishia.

Sitaki kuwa mgeni anayewafundisha wenyeji namna ya kuishi mjini kwao. Ninachoomba ni kujua ninyi mnaolijali jambo hili mnafanyaje, na katika hayo niliyoyataja ni lipi lenye uzito zaidi, ili nisije nikahangaika na madogo huku makubwa yakiendelea kama kawaida.

Mama wa Tabata

Mwanangu, karibu sana Dar es Salaam. Nimeishi Tabata tangu mwaka 1988, na nimepika kwa kuni, kwa mkaa, kwa mafuta ya taa, kwa gesi na sasa kwa umeme, kwa hiyo nitajibu la jiko peke yake na mengine nitawaachia wenzangu.

Kwa maoni yangu hilo ndilo zito kuliko yote. Mkaa tunaoununua hapa kwa kopo na kwa gunia unatoka kwenye misitu ya miombo ya Pwani, Morogoro na Lindi, na huchomwa katika matanuri ya udongo ambayo hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo jirani kabisa na jiji, imepungua sana kwa sababu hiyo, na sisi tuliokuwa tukipita Kisarawe zamani tunaiona tofauti kwa macho yetu. Serikali ilikwisha kuzielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa kitaifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Hata hivyo, jikoni kwako mwenye uamuzi ni yule anayeshika mwiko, na huyo hutamgeuza kwa amri.

Usimkataze mkaa. Keti naye jikoni, na muanze na chakula kinachotumia mkaa mwingi, yaani maharage. Mimi nilinunua sufuria ya umeme ya presha, na kilo moja ya maharage niliyoyaloweka usiku huiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, wakati zamani nilikuwa nikiongeza mkaa mara mbili, na bado nikisubiri mpaka mchana. Baada ya maharage tulihamia kwenye makande, kisha kwenye nyama ya ng'ombe. Msichana niliyekuwa naye wakati huo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba hataki tena kupuliza jiko, kwa sababu macho yalikuwa yamekoma kumuwasha.

Wali wa nazi ulikuwa wa mwisho kwetu pia, na hapo binti yako ana haki, maana moto wa juu huikausha punje bila kuuunguza wali chini. Njia niliyoipata baada ya kuharibu sufuria kadhaa ni hii: tui likishakaukia, punguza gesi hadi mwisho, weka chuma cha zamani cha chapati chini ya sufuria ili moto usambae, kisha funika kwa kitambaa safi na kifuniko kizito juu yake, ukihakikisha kwamba ncha za kitambaa zimekunjwa juu na hazining'inii karibu na moto. Siku ya wageni, mkitaka ile harufu, palieni kwa vifuu. Vifuu vya nazi mlizokuna wenyewe vinatosha sufuria moja, na bila hivyo vingetupwa.

Nyongeza moja kuhusu gesi: ile ya mtungi inaagizwa kutoka nje, lakini baadhi ya nyumba za Mikocheni zimeunganishwa na bomba la gesi asilia ya hapa nchini. Muulize mwenye nyumba wako kama ya kwenu ni miongoni mwa hizo.

Mnunuzi wa makopo, Tandale

Naomba kuchangia kuhusu chupa, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Ninanunua makopo, ndiyo hizo chupa tupu za plastiki, kwa kilo kutoka kwa vijana na akina mama wanaoyaokota mitaani tangu alfajiri, halafu ninayapeleka kwa wenye mashine za kusaga.

Ndugu yangu, usizitupe chupa zako pamoja na mabaki ya chakula. Chupa iliyokaa na mchuzi na maganda siku tatu hainunuliki, au hununuliwa kwa bei ambayo hailipi nguvu za mwokotaji, kwa hiyo huishia dampo la Pugu Kinyamwezi au mfereji ulio karibu. Mimina maji yote, ikanyage ili isichukue nafasi, na kifuniko ukiweke kando. Watu wengi hudhani kwamba chupa na kifuniko ni plastiki moja, lakini ukivisaga na kuvitia kwenye maji utaona kwamba vipande vya chupa huzama na vya kifuniko huelea, kwa sababu ni malighafi mbili tofauti na kila moja ina mnunuzi wake. Mwulize mlinzi wa jengo lenu ni nani anayepita hapo kuokota, maana mlinzi humjua, na mpangiane siku. Utakuwa umempunguzia kazi ya kufukua mapipa, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mtu anayechomwa na vioo na miiba ya samaki kila siku.

Pamoja na hayo, nitasema kinyume na maslahi yangu: afadhali usizinunue kabisa. Nimekulia karibu na Mto Msimbazi, na kila masika maji yanapojaa Jangwani huonekana yamebeba chupa ambazo hakuna aliyewahi kuziokota. Nunua maji ya dumu kubwa la kurudisha, au chemsha ya bomba, uyapoze na kuyachuja. Kwa soda, chagua ya chupa ya kioo inayorudi kwenye kreti.

Mkazi kutoka Goma

Ndugu Mgeni, mimi pia ni mgeni hapa. Nimetoka Goma na huu ni mwaka wangu wa sita Dar es Salaam. Nimekubaliana na waliotangulia, isipokuwa nina neno kuhusu hofu yako ya kuonekana unawafundisha wenyeji. Sokoni na mtaani ni kweli, mgeni na asikilize. Lakini mbele ya mwajiri wako wewe una sauti ambayo binti wa jikoni na mwokota makopo hawana, na ukinyamaza hapo kwa adabu, adabu hiyo haimsaidii mtu.

Anza na gari. Gari linalombeba mtu mmoja kutoka Mikocheni linapita mlangoni kwa wafanyakazi wenzako wangapi? Mimi niliomba tupangwe wanne kwa njia moja, na utawala ulikubali mara moja kwa kuwa gharama ya mafuta ilipungua. Jambo la pili ni jenereta la jengo. Tangu Februari 2024, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilipoanza kuzalisha, hadi kufikia uwezo wake wa megawati 2,115, sehemu kubwa ya umeme wa gridi inatokana na maji. Kwa sababu hiyo, saa moja ya jenereta la dizeli inachafua hewa kuliko saa nyingi za umeme wa kawaida, na kuna majengo ambayo huliwasha hata pale ambapo taa na feni peke yake zingetosheleza kwa betri.

Kuhusu kiyoyozi, mtu wa Mombasa anazijua pepo kuliko mimi wa milimani. Kuanzia Aprili, kusi inapovuma, madirisha ya pande mbili yenye wavu wa mbu na feni moja yanatosha usiku. Kipindi kigumu ni kile cha kaskazi, Desemba hadi Machi, na hapo mimi huwasha chumba kimoja tu, kwa nyuzi 26. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayakinga kwa ndoo na kupigia deki. Tabia hiyo niliianza Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji likawekewa mgawo, na sikuona sababu ya kuiacha mvua ziliporudi.

Samani usiagize mpya. Wageni wanaomaliza mikataba huuza vitu vizuri kila mwezi, na kilichovunjika mafundi wa Keko hukitengeneza. Ukitaka kwenda kwenu mapumziko, panda basi kupitia Tanga na Horohoro badala ya ndege. Ni safari ya kutwa nzima, lakini utaiona nchi. Kwa Morogoro na Dodoma kuna treni ya umeme tangu katikati ya mwaka 2024.

Mgeni wa Mikocheni

Shikamoo, Mama wa Tabata, na asanteni sana nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye ndipo nijibu.

Mwenye nyumba amesema kwamba jengo letu halijaunganishwa na bomba, kwa hiyo tumebaki na mtungi pamoja na sufuria ya presha niliyoinunua wiki iliyopita. Maharage yamekubalika bila ubishi. Chupa ndogo nimeziacha, nina madumu mawili ya kurudisha, na zile 200 nilizokuwa nazo nilizikanyaga moja moja na kumkabidhi mama mmoja anayepita Jumanne na Ijumaa. Mlinzi alikuwa anamfahamu kwa jina, nami nilikuwa nimempita getini kwa miezi bila kumsalimu, jambo ambalo limenihuzunisha. Maganda ya ndizi na ya mihogo sasa yanakwenda kwa mzee anayefuga mbuzi mtaa wa pili. Ofisini nimeandika barua kuhusu gari, na kuanzia Jumatatu tutakuwa watatu.

Wali tuliupika Jumapili kwa gesi, chuma cha chapati chini na kitambaa juu, kama ulivyoelekeza, mama. Binti aliuonja akanyamaza, kisha akasema kwamba umeiva vizuri lakini bado hauna harufu. Wiki hii tutapalia kwa vifuu. Nusu gunia la mkaa lililobaki uani ameniomba tulihifadhi mpaka Ramadhani, nami nimekubali, kwa sharti kwamba likiisha hatutanunua jingine.