Maji ya mgodi: nimepima pH 6.1, maabara wasema 3.4. Kosa ni langu?

MtoWaLikoni
Salaam wazee. Mimi kwetu Likoni ila kazi iko mgodi wa makaa ya mawe kule Ruvuma, Tanzania, nasimamia kupima maji yanayopampiwa kutoka shimoni. Sasa niko likizo nyumbani na hili jambo lanikosesha usingizi. Nilipima pale pale bombani, pH (kipimo cha asidi, kadiri ishukavyo chini ya 7 ndivyo asidi yazidi) ni 6.1, maji yang'aa ungedhani ya kununua, nikajaza chupa mbili, moja ikaenda maabara, moja nikabaki nayo. Maabara wamekuja kupima siku kumi na mbili baadaye wameandika 3.4! Bosi ashasema ni mimi sijui kupima, na wallahi mita niliiseti asubuhi ile ile kwa bafa, yale maji ya kusetia ambayo pH yake yajulikana, ya 4 na ya 7. Leo nimetoa chupa yangu kwenye begi, chini imeweka tope rangi ya kutu. Maji haya yapita bwawani kisha mtoni na huko chini watu wachota, sitaki kubahatisha.

Kaka_Changamwe
Bro hizo mita zazingua sana, elektrodi, ile ncha ya kupimia, ikikauka tu yasoma uongo. Badilisha.

FundiVisima
Mgodini sijafika lakini hiyo kutu naijua. Kuna visima maji yatoka safi mteja afurahi, asubuhi ndoo imekuwa rangi ya chai. Ni chuma kilichoyeyuka, huko chini hakuna hewa, kikipata hewa chageuka kutu. Ila visima vyangu vya Kisauni hata vikitoa kutu maji hayajawahi kuwa makali, hapo ndipo sielewi.

MamaMaabara
Mwanangu usibadilishe mita. Wewe hukukosea na maabara pia hawakukosea, maji yenyewe ndiyo yamebadilika ndani ya chupa. Kwenye makaa na mawe yake kuna pairaiti, yaani chuma na salfa, ikipata hewa na maji yatoa asidi na chuma. Hicho chuma kikigeuka kutu chatoa asidi nyingine, kwa hivyo pale bombani asidi ilikuwepo tayari, imejificha kwenye chuma, mita ya pH haiwezi kuiona. Fundi, jibu lako ni hili: Kisauni mwachimba kwenye mwamba wa matumbawe, wote ni chokaa, ile alkali yameza asidi kabla hujaisikia. Mgodini kwa huyu kijana alkali imeisha njiani. Miligramu 56 za chuma hicho kwenye lita moja zataka alkali ya miligramu 100, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ikipungua hapo pH yaporomoka.

Tena angalia hili, Marekani maji ya mgodi wa makaa yaruhusiwa pH 6 hadi 9, yako ingepita! Lakini na chuma pia kisizidi miligramu 6 au 7 kwa lita siku yoyote, kutegemea mgodi ni mpya au wa zamani. Maabara walikupa chuma kiasi gani? Na chupa ya kupimia chuma uliitia asidi?

MtoWaLikoni
Chuma wameandika 0.9 nikafurahi. Sikutia asidi, nilituma chupa moja kwa vipimo vyote.

MamaMaabara
Basi hiyo 0.9 usiitumie kabisa, bila asidi chuma kimekaa chini na tope, wao wamepima maji ya juu. Ukirudi chukua chupa mbili kila mahali: moja chuja hapo hapo utie asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, hiyo ni ya kupimia chuma na manganizi, metali nyingine ya maji ya mgodi. Ya pili jaza mpaka mdomo isibaki hewa, weka kwenye barafu, waambie wapime alkali na asidi yote, ile ya kuchemsha kwanza na haidrojeni peroksaidi ili iliyojificha kwenye chuma itoke. Asidi ikizidi alkali, hiyo pH 6.1 isikudanganye. Na usipime ubora peke yake, pima na wingi wa maji, ndoo na saa vyatosha kwa bomba dogo. Bwawani maji yaingiaje?

MtoWaLikoni
Mdomo wa bomba umezama ndani ya bwawa, eti yasirushe matope.

FundiVisima
Hapo sasa najua kazi! Yasipopata hewa kutu itaenda kushukia mtoni. Toa bomba juu, jenga ngazi za zege maji yaanguke yakipiga hewa, chokaa iingie hapo juu, kutu ibaki bwawani. Na ule mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie shimoni, upo?

MtoWaLikoni
Upo, umejaa udongo tangu msimu uliopita. Mvua za kule zaanza Novemba. Nampigia bosi sasa hivi kabla hajaagiza mita mpya.