Grainda ya espreso: Niche Zero au DF64? Dada anakuja kutoka Houston

mbozi_mpaka_dar
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya espreso hapa home, yenyewe haina shida, shida ni grainda, ile mashine ya kusaga buni. Hii niliyonayo ni ya visu, ile kama blenda, ukibonyeza inapiga kelele weee halafu unga unatoka nusu vumbi nusu chenga. Naweka gramu 18 za unga nategemea nipate gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 mpaka 30, yangu inamaliza sekunde 11 kama bomba limeachiwa, na leo asubuhi imerusha mpaka kwenye vigae wife kaninunia. Kahawa siyo mbovu, arabika ya Mbozi, nachukua kwa jamaa anakaanga mwenyewe. Sasa dada yangu anakuja Desemba toka Houston na nimejibana nina kama 1.8M. Niche Zero au DF64? Na msiniambie ya kuzungusha kwa mkono, niliazima ya jirani bega likauma hadi kazini.

stima_ya_rongai
Boss kabla uagize kitu yoyote Houston, angalia volti. Kule ni 120, huku kwetu ni 230 kwenda juu. Nilichomeka yangu bila kusoma ile karatasi ya chini, sekunde tatu moshi, kwisha. Watu watakuambia nunua transfoma, sawa, lakini mota ikianza inavuta stima mingi kuliko wati zimeandikwa, so unahitaji transfoma kubwa, na hiyo ni nzito kaa tofali, na bado haibadilishi hezi, yaani mara stima inageuka kwa sekunde, 60 ya kule inakuwa 50 huku. Niche ni ya Uingereza, wako na ya volti 230 na plagi ya miguu mitatu kama zetu. Tafuta mtu wa London, dada alete viatu.

chungu_na_kashata
Hahaa dada alete viatu 😂 Ila kweli kabisa. Haya, volti kakwambia mwenzangu, mie nikwambie meno, yale ya ndani yanayosaga buni. Niche ina meno ya koni milimita 63, yale yale ya grainda za Mazzer Kony za kwenye mikahawa. DF64 ni meno bapa milimita 64. Koni kikombe kinakuja kizito, kimeshiba, ukitia maziwa hakipotei. Bapa inachambua zaidi, ule uchachu wa matunda wa arabika unausikia wenyewe, lakini ukikosea kidogo tu kipimo inakusuta. Mie nina DF64 mwaka wa pili naipenda, na meno yake unaweza kubadilisha baadaye ukaweka ya kampuni ya SSP ya Korea, ila wa kwangu nyumbani anakunywa ya maziwa tu na kila siku ananiambia haioni tofauti. Kwahiyo swali, wewe unakunywa nini?

Halafu unga utakuwa unaruka unaganda kila mahali, ni umeme wa msuguano ule. Lowesha kijiko, koroga buni kabla ya kusaga, tone moja tu linatosha. Wale wa Chuo Kikuu cha Oregon waliandika 2023 kwamba maji kidogo yanapunguza huo umeme na unga haugandani. Bibi yangu Pangani alitwanga kwa kinu na mchi, akatia tangawizi, gramu hakuna aliyemuuliza, na baraza ilikuwa haikosi watu.

mbozi_mpaka_dar
Asanteni sana aisee, la volti sikuliwaza hata kidogo. Nakunywa nyeusi asubuhi, jioni wife anataka ya maziwa. Naona Niche inanifaa, shemeji yuko Leicester nitamsumbua huyo.

stima_ya_rongai
Poa. Kitu moja tu, hiyo kahawa ya jamaa yako huwa anachagua mawe? Kwa hii ya visu hungejua, kajiwe kanapigwa tu kanazunguka. Kwa meno ya chuma kamoja kanatosha kukuharibia.

mbozi_mpaka_dar
Mkuu umenitisha, nimemwaga robo kilo kwenye sinia sasa hivi nachambua kama mchele wa pilau. Tumepata viwili. Wife ndo kaviona, kacheka, angalau hajanuna tena.