Kila nikianza kupunguza uzito naishia siku ya kumi. Nyie mnadumu vipi?

MamaPacha

Wakuu, salaam. Naomba mnisikilize bila kunicheka, maana jambo hili limenichosha.

Nina miaka 38, urefu sentimita 164, na wiki iliyopita mizani ilisoma kilo 91. Daktari alinipima presha na sukari. Hazijafika pabaya, ila zimeanza kupanda, akaniambia nipunguze uzito. Nilikuwa najua hata kabla hajasema. Mwaka huu peke yake nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nimeishia siku ya kumi, nikijitahidi sana ya kumi na mbili.

Utaratibu wangu ni huu. Asubuhi maji ya uvuguvugu tu. Mchana mboga za majani na yai moja. Usiku sili kitu. Wiki ya kwanza nashuka hata kilo tatu, nafurahi. Wiki ya pili mizani inagoma. Halafu jioni moja narudi kazini nimechoka, nawapakulia watoto, wanaacha wali na viazi, nami nayala yale mabaki nikiwa nimesimama palepale jikoni. Nikishameza naona nimeshaharibu, basi nafungua biskuti, nafungua na soda. Najiambia nitaanza upya Jumatatu. Jumatatu yenyewe inakuja baada ya miezi miwili.

Sitafuti dawa ya kukata kilo kumi kwa wiki. Nataka kujua mnaodumu mnafanyaje.

TundaBivu

Pole sana dada. Kabla sijasema lolote, unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi?

MamaPacha

Nalala saa sita usiku, naamka saa kumi na moja alfajiri.

TundaBivu

Saa tano ni chache mno. Mtu asiyelala vya kutosha hula zaidi siku inayofuata, na mwili wake hutamani vitamu na vya mafuta. Hilo limepimwa mara nyingi. Anza na usingizi, hata kabla ya sahani.

Ngao

Tusidanganyane, ni kuamua tu. Mimi niliamua siku moja, nikaacha sukari na vya kukaanga, sijarudi nyuma mpaka leo. Ukiona unarudi nyuma ujue bado hujaamua.

MamaPacha

Kaka, kila mara nilipoanza niliamua. Ndiyo maana inaniuma.

NesiWaZamu

Ngao, hongera kwa ulichofanya, lakini hapo umemwonea mwenzetu. Ngoja niwasimulie kisa kimoja.

Mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Kwa miezi sita akawapunguzia chakula mpaka karibu nusu ya walichozoea, kama kilokalori 1,570 kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula). Wakapoteza takribani robo ya uzito wao. Ila sikilizeni kilichowapata vichwani. Waliwaza chakula usiku na mchana. Wengine walianza kusoma vitabu vya mapishi, watu ambao kabla ya hapo hawakujali kabisa mambo ya jikoni. Wengine uvumilivu uliwaisha wakala kwa kificho. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuhisi shibe. Hao walikuwa vijana walioamua kwa dhati, tena wakiwa chini ya uangalizi.

Sasa dada, mboga na yai moja kwa siku haifiki hata nusu ya sahani yao. Unafunga njaa kali kuliko ya jaribio lile, huku unafanya kazi na kulea. Jioni ile jikoni ni mwili uliokuwa unajihami. Usiuite uvivu.

La pili ni hizo kilo tatu za wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu tatu za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka haraka, lakini sehemu kubwa ni maji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kilokalori 7,700, kwa hiyo kuyeyusha kilo tatu za mafuta ndani ya siku saba ni zaidi ya kilokalori 23,000. Haiwezekani kwa mtu wa umbo lako. Wiki ya pili unapoona mizani imegoma, huenda mafuta bado yanapungua polepole, na ndipo unapokata tamaa. Hilo huniumiza sana kila nikilisikia, na nalisikia karibu kila wiki.

Lenga nusu kilo kwa wiki, isizidi moja. Na usianze kwa kutazama kilo nyingi kwa mpigo. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama kutembea haraka, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na kidogo.

KizaaZaa

Kuna chai ya kupunguza tumbo, shemeji yangu alitumia, tumbo liliisha ndani ya siku nne.

NesiWaZamu

Nyingi ya chai hizo zina dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mafuta hayaguswi, na ukizitumia muda mrefu unapoteza chumvi za mwili ambazo moyo unazihitaji. Tafadhali msimpe.

Na mwingine yeyote anayesoma hapa akiwa anatumia dawa za kisukari, asikate chakula kabla ya kuongea na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla na ikamwangusha.

JikoLangu

Dada MamaPacha, mimi nilipunguza kilo 14, nikarudisha 11, nikaanza tena. Sasa ni mwaka wa tatu sijarudi kule, kwa hiyo ninayosema nimeyapitia yote mawili.

Kwanza, nilikuwa napika sufuria mbili, ya familia na ya kwangu. Niliacha. Chungu chako mwenyewe hukipiki siku umechoka. Sasa tunakula kimoja ila sahani yangu naipanga tofauti: nusu mboga, robo wali au viazi, robo maharage, samaki, mayai au nyama. Mboga naweka kwanza ili nafasi ibanwe. Maharage hayakosekani jikoni kwangu, yana protini na nyuzinyuzi, yanakaa tumboni.

Pili, kula asubuhi na mchana vya kutosha. Ukifika jioni na njaa ya siku nzima hakuna maombi yatakayokuokoa mbele ya wali wa moto. Mimi nikifika nyumbani kabla ya kugusa sufuria nakula tunda, au kikombe cha maziwa ya mgando. Vidogo hivyo, lakini mikono inatulia.

Tatu, mafuta. Nilikuwa namimina kwa macho. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kilokalori 120, nami nilikuwa naweka vitano na zaidi kwenye chungu cha watu wanne. Siku nilipoanza kupima kwa kijiko nilipunguza bila kuhisi njaa yoyote. Soda nayo usiiweke ndani. Ukiitaka, iwe ya kuifuata dukani.

Mabaki ya watoto nayo, wapakulie kidogo waongeze wenyewe. Kikibaki, funika mara moja kiwe cha kesho.

Lakini ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hili. Kuna watafiti wa London waliofuatilia watu 96 wakijijengea mazoea mapya, majibu yao yalitoka mtandaoni mwaka 2009. Kwa wastani mazoea yalishika baada ya siku 66, wengine 18, wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Na waliokosa siku moja hawakuharibikiwa. Wewe umekuwa ukijihukumu siku ya kumi. Ukila makombo, umekula makombo, basi. Mlo unaofuata ule kama kawaida. Usifidie kwa kufunga, na Jumatatu uifute kabisa kwenye maneno yako.

Ngao

Nimesoma yote. Dada, samahani, niliongea kwa ukali. Mimi naishi peke yangu, hakuna anayeleta biskuti nyumbani nisizozitaka. Sikuwaza hilo.

MamaPacha

Nimekupokea kaka. Nesi, nimesoma maelezo yako mara tatu na machozi yalinitoka. Kwa miaka mingi nilijua mimi ni dhaifu. Naanza leo, na leo ni Alhamisi.

MamaPacha (wiki sita baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kilo 87.8. Wiki ya tatu mizani haikusogea kabisa, nikarudi kusoma maneno ya Nesi, nikaendelea. Siku nyingi naingia kitandani saa nne na nusu usiku, baba watoto amekubali kuosha vyombo vya usiku. Soda hatununui tena. Watoto walilalamika siku nne, wakanyamaza. Kutembea bado kunanishinda, napata siku tatu kwa wiki, dakika ishirini ishirini.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sherehe ya mwenzangu wa kazini. Nilikula keki vipande vitatu na vya kukaanga sikuvihesabu. Usiku nililala na ile sauti ya zamani, kwamba imeshaharibika. Asubuhi niliamka, nikachemsha mayai mawili, nikakata na tunda, nikakaa mezani na watoto tukala.

JikoLangu

Mayai mawili na tunda! Nimesoma hapo nimesimama. Hongera sana mwenzangu. Kwenye kutembea, niambie saa ngapi watoto wanatoka kwenda shule, tuone kama hapo hapawezi kupatikana dakika kumi.