Ultrasaundi, HSG au MRI kwa binti ambaye hajavunja ungo?

Mama Mwandiga: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Binti wa dada yangu, hapa Kigoma, ana miaka 16. Matiti yameota vizuri, ila hedhi hajawahi kuona na tumbo halimuumi. Ultrasaundi ya kwanza aliambiwa mlangoni, watu wakisikia, "huna kizazi". Ya pili wakaandika "kizazi kidogo". Tangu juzi hataki kula. Daktari anataka MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, nayo ni safari na hela. HSG, ile eksirei ya kizazi inayopigwa kwa dawa, haitoshi?

Ipuli Tabora: Mwangaluka dada, pole sana. HSG kwa huyo hapana. Ile dawa hupitishwa ukeni, na yeye bado msichana. Tena kama njia haijakamilika haitafika popote. Mimi niliharibikiwa mimba tatu. HSG ikaonyesha nafasi ya kizazi imegawanyika mbili, basi. MRI ndiyo iliyoonyesha kwamba juu, upande wa nje, hakuna bonde: kizazi ni kimoja, kina ukuta ndani. Ukuta ule uliondolewa kwa kupitia ukeni, sikupasuliwa. Kingekuwa cha pembe mbili, yaani chenye bonde hilo juu, wasingekikata hivyo.

Nesi Ujiji: Mama, ultrasaundi msiidharau. Angekuwa anaumwa tumbo kila mwezi, tungewaza kizinda kilichoziba, na damu iliyojaa ingeonekana humo humo. Lakini kwa msichana hupimwa juu ya tumbo tu, kibofu kikiwa kimejaa. Akiwa amekojoa, picha inakuwa mbovu. Na kizazi ambacho hakikukua huweza kuwa kivimbe kidogo kilichojificha pembeni.

Ipo hali iitwayo MRKH, takriban mwanamke 1 kati ya 5,000 huzaliwa nayo. Kizazi hakikui, au hubaki vipande, lakini ovari, yaani viungo vya mayai na homoni za kike, zinafanya kazi. Ndiyo maana matiti yanaota. MRI haina mionzi. Itaonyesha kama vipande vipo, kama vina utando wa ndani unaoweza kutoa damu, na ovari zimekaa wapi. Ombeni wapige picha na figo, maana wengine huzaliwa na moja. Damu ipimwe pia, homoni na kromosomu, kwa sababu ziko hali nyingine zinazofanana na hii na picha peke yake haizitenganishi.

Baba wa Uvinza: Sisi tulimpeleka mtoto wetu hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa treni. Ulizeni bei na bima kabla ya kukata tiketi. Ndani ni kama dakika 40, mashine inagonga kama nyundo. Avue hereni, pini za nywele, sidiria yenye chuma. Mama yake aliruhusiwa kuingia, akamshika unyayo muda wote.

Mama Mwandiga: Ahsanteni sana. Nimemsomea maneno ya Nesi. Ameniuliza ovari ni nini, nikamweleza, akanirudisha hapo mara mbili. Usiku amekula ugali wa muhogo na mgebuka. Jumatatu tunafuata barua ya rufaa, na figo nitahakikisha zimeandikwa.