Nitajuaje nani anaediti faili kwa sasa kwenye SVN?

mchoraji_wa_ghorofa:
Wakuu habari za saa hizi. Ofisini kwetu tunachora ramani za majengo, na mafaili yetu karibu yote ni DWG za AutoCAD. Zamani yalikaa kwenye folda ya pamoja, ukifungua faili ambalo mwenzio kalifungua AutoCAD inakwambia kabisa linatumiwa na fulani, basi unalisoma tu au unasubiri. Sasa tumehamia Subversion (SVN), mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili kwenye seva, tunaitumia kupitia programu ya TortoiseSVN, kila mtu ana kopi yake kwenye laptopu na lile onyo halipo tena. Juzi watu wawili wamekesha kwenye ramani moja ya ngazi, wa kwanza kakomiti, yaani katuma kazi yake kwenye seva, wa pili anakomiti anaambiwa faili lake limepitwa, na DWG huwezi kuiunganisha kama maandishi kwa hiyo kazi ya mmoja imebidi ichorwe upya. Kuna namna ya kuona nani anachora faili gani kabla sijaanza? Naombeni msaada jamani.

bwana_seva:
Pole sana mkuu, kukesha halafu urudie inauma. SVN yenyewe haijui nani kafungua faili, seva inaona unapoapdeti (kuvuta matoleo mapya) na unapokomiti tu, katikati hapo unachofanya kwenye laptopu yako haikioni. Kwa hiyo mtu lazima atangaze, na njia ya kutangaza ni loki, yaani kulifunga faili kwa jina lako kwenye seva, ipo tangu toleo 1.2 la mwaka 2005. Bonyeza faili kulia, chagua Get Lock, andika ujumbe kama "narekebisha ngazi ya mashariki". Wenzio wakiingia Repo-browser (dirisha la TortoiseSVN la kuona mafaili ya kwenye seva) wanaona jina lako kwenye safu ya loki. Kwa terminali ni `svn status -u`, ukiona K loki ni yako, ukiona O iko kwa mwingine, halafu `svn info` na anwani ya faili kwenye seva inakupa mwenye loki, saa aliyoichukua na ule ujumbe wake. Usisahau hiyo `-u`, bila hiyo haiulizi seva na loki za wenzio huzioni.

dada_wa_ripo:
Naongezea kwa bwana_seva, loki peke yake haitoshi kwa sababu watu wanasahau. Wekeni alama ya `svn:needs-lock` kwenye kila DWG mkomiti, wote waapdeti. Hapo faili linakuwa la kusoma tu mpaka mtu achukue loki, yaani AutoCAD yenyewe inamkumbusha, na kwa ofisi ya wachoraji hiki ndicho kitu cha kwanza ningefanya kesho asubuhi. Na uzuri mwingine, kama kopi yako ni ya zamani seva inakataa kukupa loki mpaka uapdeti kwanza, kwa hiyo huanzi kazi juu ya ramani iliyopitwa. Ukikomiti loki inaachiwa yenyewe. Kwa mafaili mapya, toleo 1.8 kuendelea unaweka `svn:auto-props` kwenye folda kuu, mstari mmoja tu `*.dwg = svn:needs-lock=*`, na kila DWG itakayoongezwa inapata hiyo alama.

mchoraji_wa_ghorofa:
Aisee asanteni sana, nimejaribu kwenye faili moja na kweli limekuwa la kusoma tu. Ila mwenye loki inaandika "ofisi" kwa sababu wote tunaingia kwa jina hilo hilo. Na je mtu akichukua loki halafu akaenda likizo?

dada_wa_ripo:
Hiyo ya jina moja rekebisheni kabla ya yote ndugu yangu, kila mtu awe na jina na paswedi yake, la sivyo loki inawaambia faili limeshikwa lakini mtaanza kuulizana meza kwa meza ni nani. Hata historia yenu ya komiti sasa hivi haionyeshi nani kachora nini.

bwana_seva:
Ya likizo, mwenzake anaweza kuivunja, `svn unlock --force` na anwani ya faili, au kuichukua kwa `svn lock --force`. Mwenye loki akirudi, `svn status -u` inamwonyesha B kama ilivunjwa, T kama ilichukuliwa. Ila mpigie simu kwanza maana labda kwenye laptopu yake kuna mchoro hajaukomiti.

kijana_wa_git:
Na sisi tunaotumia Git, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, je, kuna kitu kama hiki?

bwana_seva:
Git yenyewe hapana, kila mtu ana ripo (hifadhi ya mafaili na historia yake) nzima kwake. Unaweza kufanya `git fetch --all` halafu `git log --all -- jina_la_faili` uone nani kaligusa kwenye brenchi (matawi ya kazi) zilizokwisha kupushiwa, yaani kutumwa kwenye seva, lakini asiyepushi humwoni. Kwa mafaili kama DWG tumieni Git LFS (nyongeza ya Git ya mafaili makubwa), wekeni `lockable` kwenye `.gitattributes`, mnachukua loki kwa `git lfs lock`, na `git lfs locks` inaorodhesha zote na wenye nazo. Hakikisheni tu seva yenu inakubali loki za LFS, siyo zote zinakubali.